Kioo cha laptopu kinatoa mawimbi ukikibonyeza: namna ya kujua kama kuna tatizo

Ukigusa kioo cha laptopu kikatoa mawimbi ya rangi kuzunguka kidole, kisha ukaondoa kidole na picha ikarudi ilivyokuwa, kioo chako ni kizima. Natanguliza jibu kwa sababu wengi wanaofika kwa fundi na hofu hiyo wameshaambiwa mtaani kwamba kioo kinakufa, na wengine wameshatajiwa bei ya kioo kipya. Mwanafunzi wa Malimbe hapa Mwanza hana sababu ya kumaliza bumu lake, ile fedha ya mkopo wa chuo, kununua kitu ambacho hakijaharibika.

Ya kuangalia ni mawili. La kwanza ni kile kinachobaki baada ya kidole kuondoka. La pili ni kama picha inavurugika unapobonyeza mahali ambapo si kioo: kwenye fremu, kwenye bawaba, au pale unapoegemeza viganja ukiandika. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Za mwanzo hazigharimu chochote, na mara nyingi zinatosha kumaliza shauri bila kugusa bisibisi.

Kwa nini mawimbi yanatokea

Paneli ya LCD, aina ya skrini iliyo kwenye laptopu nyingi, ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja chini ya milimita 1, na katikati yake kuna fuwele kioevu, kitu kinachotiririka kama majimaji huku molekuli zake zimejipanga. Nafasi kati ya vioo hivyo ni kama mikromita 3 hadi 5, wakati unene wa unywele wa kichwani ni kati ya mikromita 50 na 100. Umeme unazigeuza molekuli za fuwele hiyo, na jinsi zinavyogeuka ndivyo mwanga wa taa za LED zilizo nyuma unavyopita au kuzuiwa. Kidole kinapokandamiza, nafasi inapungua, molekuli zinakaa ovyo, na rangi zinatawanyika kama mafuta ya injini ya boti juu ya maji pale Mwaloni. Ukiachia, vioo vinarudi mahali pake na molekuli zinajipanga upya. Kwenye baadhi ya paneli kivuli hafifu hubaki kwa sekunde chache, kisha kinapotea. Hapo hakuna kilichokatika.

Tabia hii ya kuwa majimaji na papo hapo kuwa na mpangilio ilitambuliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria. Ndiyo inayoiwezesha skrini kufanya kazi, na ndiyo inayoifanya isivumilie kidole.

Paneli hazifanani. Zile za TN, zilizojaa kwenye laptopu za bei nafuu na za mtumba, hutoa mawimbi makubwa hata kwa mguso mwepesi. Za IPS nazo hutoa, ila mara nyingi kidogo zaidi. Laptopu ya kugusa mara nyingi ina kioo kigumu mbele ya paneli, kwa hiyo kidole hakifiki kirahisi. Ikianza kutoa mawimbi ambayo zamani hayakuwepo, inafaa ikaguliwe. Skrini ya OLED si LCD, haina fuwele kioevu kabisa. Ukibonyeza OLED ukaona doa au mstari, hilo ni tatizo la kweli, usilisubirie.

Kabla ya kioo, angalia betri

Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo pekee katika mwongozo huu linaloweza kumuumiza mtu vibaya. Funga laptopu, iweke juu ya meza iliyonyooka, uitazame kwa ubavu. Imekaa sawa au inayumba? Kifuniko kinafunga hadi mwisho? Tachipadi imeinuka, au imekuwa ngumu kubonyea? Kuna mwanya umefunguka kati ya ganda la juu na la chini?

Betri ya lithiamu iliyochoka hutengeneza gesi na kuvimba. Ndani ya laptopu hakuna nafasi ya kuvimbia, kwa hiyo betri husukuma kibodi na tachipadi juu, navyo vinakikandamiza kioo kila unapofunga. Mtu anaona madoa, anabadilisha kioo, na baada ya muda kioo kipya kinapata madoa yaleyale, kwa sababu kilichokuwa kinasukuma bado kimo ndani.

Ukiona dalili hizo, zima mashine, chomoa chaji, na usiichaji tena mpaka betri itolewe. Usiitoboe ili gesi itoke. Usiikandamize irudi. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani wala karibu na jiko. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, na betri ikishatolewa isitupwe kwenye jalala la mtaa, kwani majalala yetu huchomwa moto. Kama nyumbani kuna laptopu ya zamani waliyopewa watoto waangalizie katuni, ikague hiyo kwanza, hata kama kioo chake hakina kasoro.

Hatua ya 1: Bonyeza mara moja, kisha acha

Umeshaona mawimbi, inatosha. Usirudie kubonyeza ili kuhakikisha, na usimwonyeshe kila anayepita. Shinikizo dogo la mara moja halidhuru, lakini kidole kinachorudi palepale kwa nguvu kinaweza kuacha doa la kudumu au kupasua kioo cha ndani, hasa karibu na kona. Wapo wanaoshauri kulisugua doa kwa kitambaa ili liondoke. Mimi sishauri. Kwa kawaida doa dogo huishia kuwa doa kubwa.

Hatua ya 2: Tazama kinachobaki

Tafuta picha nyeupe tupu uijaze kioo kizima, mwangaza ukiwa juu. Baadaye weka nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Fanya hivyo chumbani penye giza kidogo. Mchana wa hapa, dirisha likiwa wazi, unaficha mambo mengi.

Ukiona mabaka meupe au yenye mwanga kuliko sehemu nyingine, hayo ni makovu ya shinikizo. Nyuma ya vioo kuna karatasi za plastiki zinazosambaza mwanga, na zikikandamizwa sana hubaki na alama. Chanzo mara nyingi ni begi: adapta ya chaji imelala juu ya kifuniko, juu yake kuna kitabu, na begi lote limebanwa kwenye hiace iliyojaa kutoka Igoma. Mabaka haya hayasambai yenyewe kama shinikizo limeondolewa. Kama unaandika na kusoma tu, unaweza kukaa nayo miaka. Kama kazi yako ni kusahihisha picha za harusi, yatakusumbua.

Nukta moja yenye rangi isiyobadilika, au nyeusi daima, ni pikseli iliyokwama au iliyokufa. Haiambukizi za jirani. Achana nayo.

Doa jeusi lenye sura ya wino uliomwagika, mara nyingi likiambatana na mistari, maana yake kioo cha ndani kimepasuka na fuwele imehama. Hilo hukua, kwa hiyo nakili kazi zako kwenye flashi au kwenye akaunti ya mtandaoni leo, na anza kupanga fedha ya paneli. Endapo kuna majimaji yametoka nje na kukugusa, nawa kwa sabuni.

Kuna na jambo la kwetu watu wa ziwani. Vipindi vingine wadudu wadogo huibuka kutoka ziwani kwa makundi makubwa yanayoonekana kwa mbali yamesimama juu ya maji, na usiku hufuata mwanga hadi ndani ya nyumba. Kioo kinachowaka kwenye chumba chenye giza kinawaita. Wakijaa juu ya kioo, usiwafute kwa kiganja, maana utawaponda na utakandamiza. Zima laptopu, wapeperushe, kisha pitisha kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo sana bila kutia nguvu. Spiriti kali na dawa ya kusafishia vioo vya madirisha zisikaribie. Zinaweza kuharibu utando wa mbele wa paneli. Maji yapuliziwe kwenye kitambaa, yasipuliziwe kwenye kioo.

Na kuna vidudu vidogo zaidi ambavyo hupenya pembeni na kuingia kati ya matabaka ya paneli. Ukiona nukta nyeusi inatembea chini ya kioo, usiibonyeze hata kwa bahati mbaya. Kidudu kikifia katikati kitabaki hapo hadi paneli ifunguliwe, na kuifungua paneli ni kazi inayoharibu nyingi kuliko inazoponya. Zima kioo, washa taa nyingine pembeni, ukiache. Mara nyingi hutoka chenyewe.

Hatua ya 3: Piga picha ya skrini

Picha ikiwa inavurugika hata bila kubonyeza, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, kisha tuma picha hiyo kwenye simu yako uitazame huko. Kama kwenye simu ni safi, mara nyingi kasoro ipo kwenye paneli au kwenye fleksi, mkanda wa nyaya unaounganisha paneli na ubao mkuu. Kama kasoro imeonekana hata kwenye simu, tatizo liko kwenye programu, draiva (programu inayoendesha kadi ya picha) au kadi yenyewe, na kubadilisha kioo hakutasaidia chochote.

Katika hali hiyo ya pili jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitapepesa na draiva ya picha itaanza upya. Halafu zima, washa, uingie kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, kwa F2, F10, Esc au Delete kulingana na kampuni. Windows haijaanza pale. Picha ikiwa mbovu hata kwenye BIOS, usipoteze bando kupakua draiva.

Wenye Dell wana njia ya ziada: shikilia herufi D huku ukiiwasha. Paneli itapitisha rangi tupu moja baada ya nyingine. Mistari ikionekana kwenye rangi hizo, paneli ndiyo yenye kosa.

Hatua ya 4: Unganisha na TV

Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote, na kinasikitisha kwa jinsi kinavyorukwa. Chukua waya wa HDMI, unganisha laptopu na TV ya sebuleni, bonyeza Windows na P, chagua picha ionekane pande zote mbili. TV ikiwa safi huku kioo cha laptopu kina mistari, kwa kawaida ubao mkuu na kadi ya picha viko salama. TV ikiwa na mistari ileile, usikubali kuuziwa kioo. Laptopu ya zamani isiyo na HDMI huwa na tundu la VGA, na ofisi nyingi bado zina skrini ya aina hiyo. Omba dakika chache tu.

Hatua ya 5: Chezesha kifuniko

Washa picha, kisha fungua na ufunge kifuniko taratibu, ukisimama kila baada ya nyuzi chache. Kama picha inapotea, inacheza au inageuka rangi kwenye pembe fulani na kurudi kwenye pembe nyingine, mshukiwa ni fleksi, ule mkanda wa nyaya unaotoka kwenye ubao mkuu, unapita kwenye bawaba na kuingia nyuma ya paneli. Unakunjwa kila siku na mwisho nyuzi zake hukatika, au kichwa chake hulegea. Wakati mwingine kukichomoa, kukisafisha na kukirudisha kunatosha. Kwa kawaida fleksi mpya ni nafuu kuliko paneli, na huo ndio umuhimu wa hatua hii.

Angalia na bawaba zenyewe. Bawaba iliyokaza sana huvunja vishikizo vya plastiki na kupinda kona ya kioo kila unapofungua. Ukisikia mlio wa kuvunjika au ukaona fremu inaachia karibu na bawaba, acha kuifungua na kuifunga mpaka ilegezwe.

Hatua ya 6: Gusa fremu, usiguse kioo

Kwa kidole kimoja, kwa upole, bonyeza fremu ya plastiki upande wa chini wa kioo, kisha juu. Mazungumzo kwa fundi huwa hivi:

"Shikamoo fundi. Kioo changu kina mstari wa kijani toka juu mpaka chini."

"Marahaba mwanangu. Ukigusa hapa kwenye fremu unaondoka?"

"Unaondoka, ila nikiachia unarudi."

Mstari wa namna hiyo unatoka pembezoni mwa paneli, pale ambapo vipande vyembamba vyenye saketi vimegandishwa kwenye kioo kwa gundi maalumu inayopitisha umeme. Gundi ikiachia, safu ya pikseli inakosa amri. Kwa vifaa vya meza ya fundi wa kawaida kiungo hicho hakirekebishiki vizuri. Dawa ni paneli nyingine. Wapo mafundi wanaokunja karatasi ngumu na kuichomeka chini ya fremu ili ikandamize palepale. Kama umebakiza siku chache kuwasilisha utafiti wako, kubali, lakini nakili kazi kwanza. Mkandamizo huo unaweza kupasua ukingo wa kioo wakati wowote, kwa hiyo usiulipie kwa bei ya matengenezo kamili.

Hatua ya 7: Viganja na kibodi

Picha ikivurugika unapoegemeza viganja au unapoinua laptopu kwa kona moja, kwa kawaida kioo hakihusiki. Huenda kadi ya kumbukumbu, ile RAM, haijakaa sawasawa. Huenda fleksi imebanwa upande wa ubao mkuu. Au kiungo cha risasi chini ya chipu ya picha kimepata ufa. RAM ni kazi ya dakika chache: inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Chipu ni habari nyingine. Fundi akikuambia ataichoma kwa hita ya hewa moto, muulize anatoa dhamana ya muda gani. Kuchoma hivyo mara nyingi ni nafuu ya muda, na fedha hiyo huenda ingefaa zaidi kuongezea mashine nyingine.

Kuisafirisha bila kuikandamiza

Adapta ya chaji ikae mfuko wa nje au chini ya begi, kamwe isilale juu ya kifuniko. Kabla ya kufunga, pitisha jicho juu ya kibodi: peni, kipokea sauti cha sikioni au hata punje ya mchele vinatosha kupasua kioo. Fungua kwa kushika katikati ya ukingo wa juu, si kwa kona moja.

Kwenye bodaboda, begi likae mgongoni mwako, lisibanwe kati yako na dereva. Kwenye basi kutoka stendi ya Nyegezi, libaki mapajani. Buti la basi lina magunia. Ukivuka kwa kivuko cha Kamanga au ukienda Nansio, ongeza mfuko wa nailoni ndani ya begi, kwa sababu matone ya ziwa huingia pembeni mwa paneli na kuacha mawingu yasiyofutika. Ikilowa, usiiwashe kujaribu. Zima kabisa, chomoa chaji, ipelekwe ikafunguliwe na kukaushwa.

Ukinunua ya mtumba

Usikipime kioo kwa kukibonyeza mbele ya muuzaji. Unaweza kukiharibu ukalazimika kukinunua. Omba picha nyeupe na nyeusi, chezesha kifuniko, itazame kwa ubavu kuona kama betri imevimba, na iache iwake huku mkizungumza bei. Kasoro nyingi za fleksi na chipu hujitokeza mashine ikishapata joto.

Kwa fundi, paneli ikibidi kubadilishwa

Nenda na majibu yako: TV ilikuwa safi au la, picha ya skrini ilikuwaje, mstari unaondoka ukigusa wapi. Fundi mzuri atafurahi. Anayekataa kusikia hayo na kutaja bei ya kioo moja kwa moja, msalimie kwa heshima uende kwa mwingine.

Paneli haichaguliwi kwa jina la laptopu peke yake. Laptopu ya modeli moja inaweza kuwa imetoka kiwandani na paneli za aina mbili au tatu. Mwombe fundi aifungue, asome namba ya modeli kwenye stika nyuma ya paneli, na uipige picha kwa simu yako. Vinavyopaswa kufanana ni ukubwa, kwa mfano inchi 14 au 15.6, ubora wa picha, kwa mfano 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080, idadi ya pini za kiunganishi, kwa kawaida 30 au 40, na mahali pa kushikia skrubu. Pini zikitofautiana, paneli haitawaka, na kulazimisha kunaweza kuunguza ubao mkuu. Ubora wa picha ukikubali kupanda, uliza kama fleksi yako nayo inafaa.

Betri itengwe na ubao mkuu kabla ya kichwa cha fleksi kuchomolewa au kuchomekwa. Hili lisimamie kwa macho yako, kwa sababu fyuzi ya mwanga wa kioo hukatika hapo, na kioo kipya kikishindwa kuwaka lawama humwangukia aliyeuza paneli.

Paneli mpya iunganishwe na iwashwe kwanza ikiwa imeegemezwa tu, kabla gundi haijabandikwa na kabla utando wa kinga haujavuliwa. Pitisha rangi zilezile tano za hatua ya 2, ukague kona zote nne na ukingo wa chini. Ikiwa safi, ndipo ibandikwe, fremu irudi, kifuniko kichezeshwe mara chache picha ikiwa inaonekana, kisha uandikiwe risiti yenye tarehe, namba ya paneli na muda wa dhamana.